Kibao cha Shaba Kisicho na Eliasi

Nathanaeli, karani wa stesheni ya Arusha na mzee wa kanisa letu, aliniambia kwamba jina la mume wangu limechongwa kwenye kibao cha shaba cha injini kuukuu. Halimo. Halijawahi kuwamo. Miaka minne nimekisugua kibao hicho kila Jumamosi kwa limau na majivu, nikidhani namwosha mume wangu. Mimi sijui kusoma. Haya nayasema kwa mdomo na wifi yangu Tabitha anayaandika, na nimemwambia asipunguze neno.

Mume wangu aliitwa Eliasi, Mmeru wa Poli. Reli ilipofika Arusha alikuwa kijana wa kubeba mataruma, na akapanda polepole mpaka akawa fundi wa boila. Hakuwa mtu wa maneno. Akirudi kazini alinawa mikono mara tatu, na bado ugali wake ulikuwa na alama za masizi.

Nyuma ya karakana palikuwa na injini ya Mjerumani na behewa moja, masalia ya vita ile ya kwanza, vimetupwa hapo miaka mingi. Nyasi zilipita katikati ya magurudumu na kuku walitagia ndani ya behewa. Mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa, tuliyemwita Bwana Miwani, akataka injini ile itembee tena siku ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia. Akakusanya watu wa kufanya kazi ya kujitolea siku za Jumamosi: Wazungu wanne, Kalasinga mmoja seremala wa kutengeneza behewa, na Eliasi wangu.

Watu walimcheka. Jirani yetu Solomoni alimsimamisha mlangoni.

“Eliasi, ndugu zetu Engare Nanyuki wamechomewa nyumba juzijuzi tu wapishe mashamba ya walowezi, nawe unawasuguia Wazungu injini bure? Hata chai hupati!”

“Chai napata.”

“Yenye sukari?”

“Sukari nakwenda nayo mfukoni.”

Solomoni alicheka mpaka akashika mlango. Eliasi naye alicheka, kisha akachukua spana zake akaenda.

Mimi nilijua kwa nini anakwenda. Kwetu mtu hurudi kwa mjukuu: mwana wa kwanza wa mwanao huchukua jina lako, na wewe unaitwa tena uani, unatumwa kuni, unagombezwa. Sisi tulizika watoto wawili hata hawajabatizwa, na Mungu hakutupa wa tatu. Bwana Miwani aliahidi kwamba majina ya wote waliojitolea yatachongwa kwenye kibao cha shaba ubavuni mwa injini. Siku hiyo Eliasi alirudi akaketi bila kunawa.

“Hanna,” akasema, “nimepata mahali pa kuliacha jina.”

Boila iliyolala miaka mingi haiwashwi moto hivihivi. Kwanza inajazwa maji baridi, yanasukumwa kwa pampu mpaka yabane, na fundi anazunguka akitazama panapovuja. Maji baridi yakifyatua kitu, yanakulowesha tu. Eliasi aliniambia hivyo mara nyingi, kama mtu anayesali. Lakini pampu ilikuwa Moshi, na sherehe ilibaki siku tatu. Akamwomba Bwana Miwani wangoje. Kalasinga yule alikuwapo, naye ndiye aliyenipa jibu la Bwana neno kwa neno: “Hapana ngoja. Tia moto.”

Wakatia moto. Kizibo kimoja kilifyatuka na mvuke ukampata Eliasi kuanzia kifuani mpaka machoni.

Walimleta nyumbani kwa machela. Muuguzi alimpaka dawa, akatikisa kichwa akiwa amenipa mgongo. Pampu ilifika kutoka Moshi kesho yake. Ndiyo, ilifika. Boila ikapimwa kwa maji baridi, sawasawa na alivyosema.

Asubuhi ya sherehe Eliasi alikata roho. Nilikuwa namfunga kidevu kwa kitambaa niliposikia honi ya injini ile ikipiga stesheni, na watu wakishangilia.

Jioni ileile Nathanaeli alikuja na karatasi na kidau cha wino.

“Pole sana, dada. Hapa pameandikwa kwamba Eliasi amefia nyumbani. Si amefia nyumbani?”

“Amefia hapa.”

“Na homa alikuwa nayo?”

“Mwili ulikuwa kama jiko.”

“Basi tunasema kweli tupu. Bwana Miwani amesema ukitia kidole, jina la Eliasi linakwenda kwa mchongaji kesho.”

Nikatia kidole gumba. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Nilifikiri juu ya jina tu.

Kibao kilipowekwa, Nathanaeli alinipeleka, akaniwekea kidole mwenyewe. “Mstari wa tatu, dada. Huyu hapa.” Nyumba ya reli tuliyokaa walikwisha kuidai, nikahamia chumba cha kupanga Kaloleni, nikauza ndizi. Lakini kila Jumamosi nilikwenda na limau langu. Mstari wa tatu niliusugua kuliko mingine yote. Nilimweleza Eliasi habari za Solomoni, za mvua, za bei ya ndizi.

Mwaka huu Tabitha, dada yake Eliasi, alikuja kutoka Nduruma kuona jina la kaka yake. Alijifunza kusoma katika darasa la ubatizo. Nikamwonyesha mstari wa tatu. Akausoma. Akausoma tena kwa kidole.

“Wifi, hapa wanalishukuru duka lililotoa rangi.”

“Soma mingine.”

Akasoma yote. Wazungu wanne walikuwamo. Kalasinga alikuwamo.

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa uani kwenye mnada wa sadaka, Nathanaeli alikuwa ameinua mkungu wa ndizi akiita bei. Nikamwuliza mbele za watu Eliasi yuko wapi. Hakushtuka. Aliushusha mkungu, akanijia karibu.

“Dada, wewe mwenyewe ulitia kidole kwamba alikufa kwa homa nyumbani. Mtu aliyekufa kwa homa kitandani ataandikwaje kwenye injini? Watu wangeuliza.”

Akarudi kwenye mnada. Mkungu ule ulinunuliwa.

Siendi tena na limau. Tabitha anasema shaba imeanza kuota kijani, na mstari wa tatu peke yake bado unang'aa.

Bwana Miwani ananidai kunyamaza, na nimekwisha mlipa miaka minne. Nami namdai yeye herufi sita, E na nyinginezo, zichongwe alipoahidi. Nathanaeli namdai asimame palepale uani, watu wakiwa hawajatawanyika, aseme kwa sauti ileile ya kuita bei kwamba Eliasi hakufa kwa homa.