Majeruhi wa Majaribio

Kamati ya maafa ya kijiji chetu, upande wa Mwaya, ilipotafuta mtu wa kuigiza majeruhi wa mafuriko, ilinichagua mimi kwa sababu moja tu: nilikuwa mwepesi wa kubebwa. Mwenyekiti alinitazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akasema, "Huyu hata machela ikikosekana, khanga moja inamtosha."

Kwetu kila masika mto huingia ndani bila hodi, na mwaka huo alitumwa ofisa kutufundisha kujiandaa. Tulijifunza kupandisha magunia ya mpunga kwenye uchaga, kufunga vyeti ndani ya mfuko wa nailoni, na kukimbilia shuleni, kwenye mwinuko, filimbi ikilia mara tatu. Yakabaki majaribio.

"Wewe utalala kando ya mfereji, penye michikichi," ofisa aliniambia. "Umevunjika mguu na umezirai. Waokoaji watakufuata. Ila kumbuka, aliyezirai hasemi."

Agizo hilo nililishika kwa moyo wote. Saa nne asubuhi nikajilaza, mguu umefungwa kitambaa kilicholoweshwa mawese ili kionekane kina damu. Filimbi ikalia. Nikasikia watu wakikimbia huku wanacheka, kisha kimya. Sisimizi wakaanza kunikagua. Waokoaji hawakutokea. Kumbe michikichi ipo pande zote mbili za kijiji, na wao walikwenda upande mwingine.

Aliyetokea ni mama mmoja mfinyanzi kutoka kando ya ziwa, anapeleka vyungu sokoni. Niliiba jicho nikamwona. Alivishusha vyungu vyake taratibu, kimoja kimoja, akahakikisha vimekaa sawa, ndipo akapiga yowe.

"Jamani, mtu amekufa!"

Kisha akainama, akaweka sikio kifuani pangu. "Anapumua! Baba, ugonile?"

Sasa, salamu hiyo ya Kinyakyusa ni kumwuliza mtu kama amelala salama. Kuulizwa hivyo nikiwa nimezirai kulinibana mbavu. Nikajitahidi kuzuia kicheko, tumbo likaanza kutetemeka.

"Degedege!" mama akalia. "Simamisheni hilo guta!"

Guta hilo, chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, lilikuwa la mume na mke, wafanyabiashara waliokuwa wakitoka mpakani na magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Hawakuuliza mengi. Mume akanishika mabega, mke miguu, nikatupwa juu ya usipa. Mama mfinyanzi akapanda pembeni na vyungu vyake, akaanza kuniombea kwa sauti.

Hapo niliona uaminifu una mipaka. Nikafumbua macho. "Mama, mimi mzima. Haya ni majaribio tu."

"Maskini, anaweweseka," akasema, akanifunika uso kwa khanga.

Zahanatini, nesi alifungua kitambaa, akanusa, akanitazama. "Hii damu yako inanukia mboga."

Kamati iliingia mbio, machela tupu begani, mwenyekiti anahema. "Nani kaiba majeruhi wetu?"

Mama mfinyanzi akashika kiuno. "Wenu? Mlikuwa wapi sisimizi wanamla?"

Mwenyekiti akamgeukia ofisa, ofisa akaangalia ukuta. Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alipotulia akamshukuru yule mama kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo. Wewe ndiye umefaulu mtihani, sisi tumefeli." Mke wa yule mwenye guta akauliza kama waliofaulu wanaweza kupewa maji ya kunywa.

Kwenye mkutano uliofuata, ofisa alisema wazi kwamba siku ya maafa anayefika kwanza ni jirani au mpita njia, kamati hufuata. Mafunzo ya huduma ya kwanza yakafunguliwa kwa yeyote: wafinyanzi, wenye maguta, wanakwaya. Mama mfinyanzi alikaa mstari wa mbele, akimsahihisha mkufunzi namna ya kufunga bandeji. Mimi, kwa miezi kadhaa, watu waliniita marehemu, na mke wangu akaitika hodi akijiita mjane.

Masika ilipofika, maji yaliingia hadi magotini. Filimbi ililia mara tatu, tukatoka kila mtu na mfuko wake wa vyeti, na wazee wakapakiwa kwenye maguta. Hakuna aliyepotea. Tulikaa shuleni siku mbili, na ugomvi pekee ulikuwa juu ya bibi mmoja aliyetaka bata wake walale darasani.