Mshale wa Ndung'u

Ndung'u wa Gatongora alikuwa mkata mawe kama mimi, na kwa kukata simpi kitu: mawe yangu yalinyooka kuliko yake, na timbo zima la tajiri wetu Gurdial pale Theta lilijua hivyo. Alikuwa mfupi, mpole, hanywi, shati analifua kila Jumamosi. Hata mke wangu Kanini alimsifu mbele yangu. Nilimwonea wivu, sifichi.

Mwaka wa 1957 alikuja mzungu mtaalamu wa mawe. Alitueleza kwamba jiwe jeusi la volkano, lilipopoa hapo zamani, chembe zake za chuma zilielekea kaskazini ya siku hizo zikaganda vivyo hivyo. Akilinganisha mawe ya nchi nyingi, atajua kama mabara yalihama. Lakini jiwe lazima lichorwe mshale wa kaskazini kabla ya kung'olewa. Bila mshale, ni la kujengea choo tu. Alitaka mtu wa kuchora, kisha aandamane naye hadi Naivasha. Akamchagua Ndung'u. Mimi, fundi wa miaka tisa kazini, nikaachiwa mtaimbo wa kung'olea.

Sikukubali kushindwa hivyo. Nilikuwa nimeona dira ya mzungu ikihangaika karibu na vyuma vyetu, basi asubuhi moja nikaulaza mtaimbo nyuma ya jiwe, nikaufunika na gunia. Akiharibu mawili matatu, nilijiambia, kazi itakuja kwangu. Sindano ikavutwa, Ndung'u akachora mshale wake kwa chaki. Roho yangu ikatulia.

Kumbe alikuwa na desturi ya kupima mara ya pili kwa kivuli cha jua, maana mzungu alimfundisha kwamba hata jiwe lenyewe huweza kuivuta dira. Akasimamisha kijiti, akatazama saa, akakunja uso. Akainua gunia. Tukatazamana. Akaufuta mshale, akachora mwingine, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Toa chuma yako, Nzioka."

Nikangoja kufukuzwa. Mchana mzungu akasema anahitaji mtu wa pili, akauliza nani mwingine angefaa kwenda Naivasha.

"Nzioka," Ndung'u akajibu. "Hapa hakuna mtu anajua kumshinda vile chuma inaharibu dira."

Nikaenda. Kazi niliyoitamani nikaipata kwa mkono wa Ndung'u, na mpaka leo sijamsamehe.