Nani Ataujibia Ukurasa wa Bisimwa?

Maman Eulalie wa maktaba alifika mapema kwenye ukumbi wa mikutano wa chuo akakaa karibu na mlango, ili ikimshinda atoke bila kuonekana. Hakujua kwamba papa Marcellin, mkuu mpya wa ofisi ya fedha, angekuja kuketi palepale ubavuni mwake.

"Maman, habari ya nyumbani?" Marcellin akamsalimu kwa adabu ya mtu anayetaka kuwa mkwe.

Jumamosi ya juma lile yeye ndiye angewaongoza wazee wa ukoo wake kupanda mtaa wa Bagira kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya Elodie, binti wa mwisho wa Eulalie, aliyechumbiwa na mtoto wa kaka yake Marcellin. Marcellin alikuwa amehamia Bukavu juzijuzi tu kutoka Goma. Eulalie alimwomba Mungu kila asubuhi kwamba yale ya zamani yasiwe yamemfikia.

Chuo kilikuwa kinatengeneza upya tovuti yake. Ile ya zamani ilikuwa kama ghala la parokia: kila mtu alitupa kitu ndani, hakuna aliyefagia. Wakamwajiri Aurore, msichana mwenye subira, apite ofisi kwa ofisi kuuliza kila moja inahitaji nini, kisha awakutanishe wote waamue. Kwa kila ukurasa aliuliza maswali yaleyale: unafanya kazi gani, nani anauhitaji, ofisi gani inaujibia pakitokea swali. Ukurasa usio na wa kuujibia hauvuki kwenda tovuti mpya.

"Sawa na bayatima," akasema Chrispin wa ofisi ya uandikishaji, kijana asiyeweza kufunga mdomo. Watu wakacheka. Eulalie hakucheka.

Miaka minane nyuma, mumewe, Profesa Philémon Bisimwa, alipokuwa anasimamia mitihani, zilikamatwa diploma za uongo zenye sahihi yake. Mji ulimhukumu kabla tume ya uchunguzi haijakaa. Watu waliokula Noeli mezani kwake walihamia upande wa pili wa barabara walipomwona. Moyo wake ukasimama msimu uleule wa mvua. Majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi wakati tume iliposema kwamba sahihi ile ilighushiwa na karani, na chuo kikaweka tangazo kwenye tovuti: Profesa Bisimwa hana hatia. Marehemu hakulisoma. Matusi yako hadi leo kwenye Facebook, hayana wa kuyafuta. Neno la kumsafisha liko mahali pamoja tu duniani. Na familia yenye heshima haipeleki ng'ombe kabla ya kuulizia nyumba. Zamani waliuliza majirani. Siku hizi wanauliza simu.

Aurore akaonyesha tangazo lile ukutani. "Hii communiqué ya zamani, juu ya Profesa Bisimwa. Iko ya ofisi gani?"

Katibu mkuu wa chuo hakuinua macho. "Ile mambo ilishaka kwisha. Toa."

"Bisimwa gani?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ah, wewe ulikuwa ungali mutoto! Bisimwa wa badiplome!" Chrispin akadakia, kisha akamwona Eulalie, na sauti ikamfia. "Pardon, maman."

Angenyamaza, ukurasa ungekufa. Angesema, mkwe angesikia yote kwa masikio yake. Eulalie akasimama.

"Bisimwa wa diploma ni mume wangu," akasema. "Hakuuza hata moja. Chuo hiki chenyewe kiliandika hivyo. Sekretariati ndiyo iliyosaini tangazo, sekretariati ilijibie."

"Maman Eulalie, sisi tunakuheshimu," akasema katibu mkuu. "Lakini site iko ya kuvuta wanafunzi. Mzazi akifungua akute diploma za uongo, ataandikisha mutoto wake hapa? Tena nani anasoma ile? Aurore, tuambie."

Aurore alitazama mashine yake, akasita. "Inafunguliwa kila juma. Karibu kila mara ni kompyuta ya maktaba."

Vichwa vyote vikageuka. Kila mtu alijua nani anafanya kazi maktaba. Eulalie akahisi kana kwamba amekutwa analia sokoni.

Wakapumzika kunywa chai. Marcellin akamfuata kwenye veranda.

"Maman, zile mara zingine ni sisi," akasema kwa sauti ya chini. "Tuliisoma mbele ya kutuma mjumbe. Muzee wetu akasema, kama chuo kimeandika hivi, twende."

Eulalie akashika ukuta. Alilokuwa analificha walikuwa nalo siku zote, na lile tangazo ndilo lililomfungulia Elodie mlango. "Basi rudi ndani useme hivyo."

"Mimi niko mugeni hapa, maman. Kila karatasi yangu inapita kwa katibu mkuu. Watasema naleta ndoa kwenyi kazi." Alitazama viatu vyake. "Ng'ombe tutaleta. Kwa ile usiogope."

"Ng'ombe hawasemi, papa Marcellin. Wewe ulisoma ukaridhika. Watakaokuja kuposa wajukuu zangu watasoma nini? Matusi? Kama mdomo wako hauwezi kuingia mle, na miguu yako Jumamosi isipande Bagira."

Aliogopa maneno yake mwenyewe. Elodie alishashona nguo. Marcellin akashuka ngazi kwenda ofisini kwake.

Eulalie akarudi ukumbini. Kwa miaka minane alikuwa amejikatalia jambo moja: kumtetea mumewe kwa jina lake mwenyewe. Mjane akimsafisha mumewe nani anaamini? Alitaka chuo kiseme, kwa kinywa cha chuo.

"Aurore, andika mwenye kuujibia ukurasa: Eulalie wa maktaba, mjane wa Bisimwa."

Katibu mkuu akainua mabega. "Masharti ni yako, mademoiselle."

Vidole vya Aurore vikaanza kuandika, vikasimama. "Maman, na mwaka kesho ukiingia pension? Mwenye kujibia akitoka, ukurasa unafungwa."

Mvua ilianza kupiga mabati. Kiti cha Marcellin kilikuwa bado kitupu. Eulalie alikitazama, akautazama mlango, kisha akamgeukia Aurore.

"Andika kwanza," akasema.