Sauti yangu ya dirishani

Leo mama yangu mzazi ameniamkia shikamoo, nami nikaitikia.

Mliosoma nami mnanijua. Darasani nilishindwa hata kunyoosha mkono.

Sasa hii ni wiki ya tatu nakaa dirishani kwenye ofisi moja hapa Iringa, naandika majina ya wanaosubiri huduma. Mkuu wangu alinionya, "Ukiwachekea watakupanda kichwani." Basi nikajifunza kukaripia.

Leo nimeinama naandika, mama mmoja akasimama nyuma ya kioo cheusi cha dirisha langu.

"Mama, rudi kwenye mstari. Wenzako huwaoni?"

"Shikamoo, kiongozi. Samahani."

"Marahaba. Shida yako?"

"Namuulizia binti yangu, Tumaini. Nimemletea mahindi kutoka Ilula."

Ndipo nikainua kichwa.

"Mama, ni mimi."

Kina mama kwenye mstari walicheka. Yeye hakucheka. Alisogeza uso kwenye kioo, akanitazama.

"Kumbe. Sikuijua sauti yako, mwanangu."

Akapitisha mfuko chini ya kioo, akarudi stendi. Hata maji hakunywa.

Jamani, nikimpigia jioni hii, nianze na neno gani?