Aliyemwitikia Balozi Siku ya Unga wa Njano

Admin, jina langu lifiche. Nina miaka sabini na kitu, mjane, naishi Kagongwa. Niliishia darasa la pili, basi anayetaka kucheka maandishi yangu akachekee kwao.

Nyie wa leo mnamwaga ugali eti umepoa. Mwaka ule wa ukame, miaka ya sabini, nilikuwa nimeolewa juzi tu. Serikali ikaleta unga wa njano wa msaada. Balozi wa nyumba kumi akawa anapita kila mji, kopo moja kwa kila kichwa alichokiona kwa macho yake. Kichwa asichokiona hakina kopo.

Asubuhi ya kupimiwa nikamkuta mama mkwe kalala, wa baridi, hatikisiki. Nikafungua mdomo nilie, mume wangu akauziba kwa kiganja.

"Nyamaza! Ukilia, kopo la mayu limekwenda. Wadogo zangu watakula kilio chako?"

Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Tukamkalisha mayu kwenye kona, tukamfunika kaniki mpaka kidevuni.

Balozi akaingia, akatupimia. Alipofika kwenye kona akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Sauti ya chini, ya kukwaruza. Balozi akacheka. "Huyu bibi njaa haimuwezi!" Akamimina kopo lake, akaenda zake.

Mume wangu akanigeukia. "Umemuigiza vizuri, mke wangu. Hata mimi nimeshtuka."

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Nikamwambia. Akasema njaa imenipanda kichwani. Nikamgusa mayu, baridi ile ile. Jioni tukalia, tukazika. Unga tukaula, na mimi nilikula, sidanganyi. Mume wangu amekufa akiamini ni mimi niliyejibu.

Tangu siku ile mtu akiniamkia naitikia kwa kichwa tu, marahaba siisemi. Wakwe za wanangu wanasema nina majivuno. Ninayo, ndiyo, lakini si kwa hilo.

Sasa wanangu wanalijengea kaburi la mayu kwa saruji. Wamesema siku ya kumaliza nitangulie mimi kumwamkia pale kaburini, maana ndimi pekee niliyebaki ninayemjua. Nikikataa watataka sababu, na sababu yenyewe ni kwamba labda baba yao alimzika mama yake akiwa mzima.

Nishaurini, na msiniletee maneno ya kitoto. Niwaambie? Au niende, niiname pale, niseme shikamoo mayu, halafu ninyamaze nisikilize?