Kifungo cha Mashine Namba Nne

Mimi ni fundi wa mashine katika hospitali moja ya hapa Arua, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa haikuwa kutengeneza. Ilikuwa kutafuta. Unatoka Ombaci unakopanga, unafika kazini na bisibisi yako mfukoni, umejiandaa kusafisha kichujio cha mashine ya oksijeni, na mashine yenyewe huioni. Unamuuliza muuguzi, "Sista, mashine namba nne iko wapi?" Naye, hata kichwa hainui, anakujibu, "Iko."

Iko! Mtu ambaye hakukulia West Nile hawezi kujua neno hilo lilivyonitesa. Kiswahili chetu huku ni cha sokoni na cha kambi ya jeshi, hakina muda wa ngeli. Mtu iko, ng'ombe iko, mvua iko, Mungu iko. Ukiuliza kama kitu kipo, iko ni jibu zuri kabisa. Ukiuliza kiko wapi, umefungiwa mlango. Maana yake ni kwamba kipo, usinisumbue, nenda zako.

Bingwa wa iko alikuwa sista mkuu wa wodi ya watoto, mama mmoja wa Adumi, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa sisi wengine wote. Mashine namba nne ilikuwa nzuri kuliko zetu zote, na yeye aliificha nyuma ya mlango, akaifunika shuka, akaweka boksi la glovu juu yake ili ionekane meza. Nilipoivumbua nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Akaniambia, "Fundi, punguza sauti, watoto wanalala. Mimi nikiazimisha hii kitu wodi ya wanaume, hairudi. Nawajua hao. Kukopa arusi, kulipa matanga."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Dawa ya iko niliiona kwanza Koboko, nyumbani kwetu. Kaka yangu anaendesha lori la mizigo inayovuka kwenda Sudan Kusini, na watu wa forodha walikuwa wamefunga mlango wa nyuma wa lori kwa kufuli lenye taa ndogo, linalozungumza na setilaiti. Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, kaka naye akachepuka barabarani akaja kula. Mama alikuwa amepika ugali wa mihogo na majani ya kunde yaliyotiwa karanga. Kaka hajamaliza tonge la tatu, simu ikalia, ni watu wa forodha. Mbona umesimama? Kaka, na mchuzi ukimtiririka mkononi, akasema yuko njiani anakwenda. Sauti ikamjibu kwamba hayuko njiani, yupo kwenye nyumba ya pili baada ya kisima.

Mama alisimama akatazama juu ya paa. "Nani anatuchungulia?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaenda kulitazama lile kufuli. Halikuwa kubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Kaka yangu ametudanganya sisi sote tangu utotoni, na mama, ambaye hadanganyiki kirahisi, alikuwa hajapata kumkamata hata mara moja. Kufuli limemkamata kwa tonge la tatu! Nililipenda palepale. Nilimwambia kaka kwamba kama ningekuwa na kumi za namna ile hospitalini, ningelala usingizi wa mtoto.

Basi wafadhili walipokuja kuuliza tunahitaji nini, wenzangu wakasema vitanda, mimi nikasema kitu cha kunionyesha mashine ziko wapi. Wakanitazama kama nimeomba ndege. Lakini walileta. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vya mviringo, kila kimoja kama kifungo cha koti, na kila kimoja kinabandikwa kwenye mashine yake. Kila baada ya sekunde chache kifungo kinaita namba yake hewani, bila waya na bila sauti ya kusikika. Kwenye kuta za wodi, maabara, geti na mahali pa wagonjwa wa nje nikafunga visanduku vya kusikiliza, ambavyo sisi tuliviita masikio. Sikio lililo karibu zaidi linapeleka habari kwenye kompyuta yangu, na pale kwenye ramani ya hospitali linatokea tone la kijani lenye namba. Hili ni feni ya upasuaji, lile ni pampu ya dripu, lile kitimwendo. Ukitaka, unaona hata kwenye simu yako.

Sisi tuliviita vifungo kwa sababu ya umbo. Masista wakalipokea jina kwa furaha, kwa sababu Kiswahili kina kifungo cha shati na kifungo cha jela, na wao waliona wazi ni kipi nimewaletea.

Waseme watakavyo. Siku ya kwanza niliyotafuta pampu na kuipata kabla sijamaliza bilauri ya maji, nilikaa chini nikakumbuka miaka yote niliyoipoteza nikifungua makabati, na machozi yakanilengalenga, haki ya Mungu. Nikaanza kuijua hospitali yangu upya. Niligundua kwamba kitimwendo kimoja huondoka wodi ya wanaume kila alasiri, kinakwenda getini, kinakaa saa mbili, kinarudi. Nikafuata. Nikamkuta askari wetu amekikalia, miguu juu ya kile kibao, anasikiliza mpira redioni. Aliponiona alisimama haraka akaniambia goti linamuuma.

Nilikuwa na maringo, sikatai. Na maringo hayo ndiyo yaliyozaa haya mengine.

Alikuja mama mzee mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya upande wa Koboko, na mjukuu wa miezi mitano mwenye homa ya mapafu. Alisema Kiarabu cha Juba, Kikakwa kama mimi, na Kiswahili chetu hiki cha kubahatisha. Tulimwita haboba, ndiyo nyanya kwa Kiarabu chao. Mtoto aliwekwa kwenye mashine namba nne, na kwa siku sita haboba hakuondoka pembeni yake. Kila nilipopita kupima oksijeni alinishikia tochi bila kuombwa.

Siku moja nikamuuliza mama wa mtoto iko wapi. "Alirudi ng'ambo kutazama shamba," akasema. "Mwezi wa pili sasa."

"Na sasa iko wapi?"

"Iko," akasema.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno hilo halikunikasirisha. Sikuuliza zaidi.

Yeye ndiye aliyeendelea. Alionyesha kifungo kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, akauliza ni kitu gani. Hapo ningeweza kusema ni alama ya hospitali, nikaenda zangu. Lakini mimi nikiulizwa habari za vifungo vyangu! Nikavuta kiti. "Haboba, hii inalinda mashine isipotee. Mashine ikitembea, mimi naona. Ikikaa, naona."

"Usiku pia?"

"Usiku, mchana, jua, mvua. Hata mimi nikiwa kwetu Koboko, naona."

"Na ikiwa na shida, unakuja?"

"Mbio," nikasema. Nikamtolea simu nikamwonyesha tone la kijani. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akanitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimepewa na mtu yeyote pale hospitalini, na mimi nikaondoka kifua mbele.

Mtoto alipona, wakaruhusiwa. Mchana huohuo tone la namba nne likapita getini na kuzimika.

Damu ilinichemka. Nilikimbia hadi wodi ya watoto nikijua mashine imeibwa, nikasukuma mlango, na nyuma ya mlango, chini ya shuka, mashine namba nne ilikuwa imetulia na boksi lake la glovu kichwani. Ubavuni imebaki alama ya gundi tu. Basi nikamgeukia sista. Nilimwambia amebandua kifungo changu akakitupa, kwamba tangu mwanzo hakukitaka, kwamba watu kama yeye ndio wanaoturudisha nyuma. Nilisema mbele ya wagonjwa. Yeye aliapa kwa watoto wake kwamba hajakigusa.

"Ulikuwa unataka mashine," akasema. "Mashine iko. Si hiyo hapo? Au siku hizi unatibu kwa kifungo?"

Hatukusemeshana wiki mbili. Nikiingia wodini kwake nasalimia ukuta. Kifungo cha akiba sikuwa nacho, kwa hiyo namba nne ilibaki kwenye kompyuta yangu kama tone la kijivu, na kila nilipoliona nilikasirika upya.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nakunywa chai, tone likawa kijani.

Lilikuwa getini. Nikaweka kikombe. Likasogea hadi mahali pa wagonjwa wa nje, likasimama. Nikajisemea, leo leo! Mwizi amerudi na kifungo changu mfukoni, na sista nitamwita aje ashuhudie. Lakini sikutoka mara moja. Nilikaa nikilitazama, kwa raha tu, nione litakwenda wapi. Halikwenda popote. Robo saa nzima. Nilimaliza chai yangu. Hiyo chai sijajisamehe mpaka leo.

Nilipofika, mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilipita mstari hadi mstari na simu mkononi, nikikagua mifuko ya watu kwa macho. Mwisho kabisa, mbali na foleni, ameketi chini ukutani chini ya lile sikio, nikamwona haboba. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kitenge hadi kichwani. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nimekungoja."

Nikafunua kitenge. Jamani! Mtoto alikuwa anahema kwa tumbo, mbavu zinaingia ndani kila pumzi, pua zinatanuka, midomo imeanza rangi ya majivu. Kiunoni, kwenye uzi wa shanga anaofungwa mtoto ili akue vizuri, palikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, na ndani ya kifuko nilikigusa kifungo changu.

Hakuwa ameingia kwenye foleni. Hakumwita muuguzi yeyote. Mtu mwenye mtoto anayekufa mgongoni alikuwa amekaa kimya na adabu zake, kwa sababu mimi nilimwambia naona, na kwamba kukiwa na shida nakuja mbio.

Nilimbeba yule mtoto mwenyewe. Mimi ambaye wodini kwa watoto siruhusiwi kugusa kitu kisicho na waya, nilimpakata nikakimbia nikipiga kelele, "Sista! Sista! Namba nne!"

Sista hakuniuliza mbona leo nina mdomo. Alivuta shuka, boksi la glovu likaenda sakafuni, na mashine ikanguruma kabla sijafika kitandani. Ilikuwa pale, safi, haina mtu, kwa sababu alikuwa amekataa kuiazimisha jana yake tu. Daktari akaja. Nilipima oksijeni, sista akinishikia kipimo. Tulisimama pande mbili za kitanda, mimi na yeye, tukiangalia ule mrija mdogo wa puani, mpaka midomo ya mtoto ikaanza kurudi rangi yake.

"Nisamehe, sista," nikasema.

"Mwizi wako umempata?" akauliza. Kisha akanipiga bega, akaenda kuokota glovu zake.

Siku ya tatu mtoto alikuwa anavuta ule mrija na kujaribu kuula. Nikaona siwezi kumwacha haboba aende tena na uongo wangu. Niliketi kando yake kwenye mkeka nikamweleza kwa Kikakwa, polepole, mambo yote. Kwamba masikio yako ndani ya ua tu. Kwamba nje ya geti kifungo kinaita na hakuna wa kukisikia.

Haboba akanigeukia. "Kwa hiyo hizo wiki mbili, kule kwetu, ulikuwa hutuoni."

"Sikuwaona, haboba."

"Hata mvua ilipoingia ndani?"

"Hata hapo."

Nikamwambia mtoto akihema namna ile tena asimngoje mtu, apite mbele ya wote, apige yowe. Akaitikia. Akafungua kile kifuko kwa meno, akatoa kifungo, akakifuta kwa kitenge, akakiweka kiganjani mwangu. Lakini bado alikuwa na swali, nililiona. "Lakini siku ile ulikuja," akasema. "Kama huoni, ulikuja kufanya nini?"

Ningeweza kusema nilikuja kwa ajili yake. Alikuwa tayari kuamini.

"Nilikuja kukamata mwizi," nikasema.

Haboba akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kisichomwamsha mtoto, akaninyoshea mikono yake miwili, viganja juu, vifundo vimebanwa pamoja kama mtu anayengoja pingu.

"Basi nikamate," akasema. "Nimeiba. Lakini mtoto yuko hai."

Nikaishika ile mikono yote miwili, nikalia mbele ya wodi nzima.