Perege Waliosafiri Midomo Imejaa

"Samaki wangu akifa njiani, nitamla mbichi, na magamba yake."

Maneno hayo Shangazi aliyatoa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kwenye kipaza sauti cha kuazima, mbele ya wavuvi waliokuja kumzomea. Wakasahau kuzomea.

Na haki ya kununa walikuwa nayo. Perege wa asili walikuwa wameadimika ziwani mwao, maana kila ghuba ya mazalia ilikuwa imekokorwa kwa nyavu mpaka matope. Wakakubali kuipumzisha ghuba moja ili wapandikizwe perege wapya. Mzigo wa kwanza ukaletwa na mzabuni mwenye tai, ndani ya mapipa. Ulipofika ulifaa kwa mchuzi tu, na wala si mchuzi mzuri. Ndipo mwenyekiti wa wavuvi, mtu wa mabega mapana na maneno machache, akasema Jumamosi jioni samaki hai wawe ghubani, la sivyo nyavu zinarudi. Shangazi akajitwika mzigo wa pili, na ahadi ile juu yake.

Shangazi alikuwa mtunza mabwawa wa kituo cha kuzalisha samaki, na kila mtu pale kituoni alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Cheti alikuwa nacho na mdomo alikuwa nao. Cheti kilikaa kabatini. Mdomo haukuwahi kwenda likizo. Alijua perege wake kama mama mkwe anavyojua makosa ya mke wa mwanawe. Maji ya bwawa aliyanusa kwanza, kisha akayapima kwa kifaa hata hivyo, kwa sababu pua, alisema, hujipendelea.

Samaki wa kusafirishwa halishwi tangu jana yake. Akila atayachafua maji aliyofungiwa, na uchafu wake mwenyewe utamuua. Kwa hiyo Ijumaa Shangazi aliwatenga perege wake kwenye tangi la zege, akalifunika kwa wavu, akaenda kulala. Alichosahau ni mdogo wake, aliyeishi naye nyumba ya kituo, mwanamke asiyeweza kumwona kiumbe akianza safari na njaa. Asubuhi alimkuta kainama tangini, ndoo ya pumba mkononi, tupu.

"Dada, nimewapa chochote kidogo. Safari yenyewe ndefu."

"Wamekula?"

"Wamekula, masikini, utadhani kwako hawapewi."

Shangazi akaichukua ile ndoo, akaipindua, akaikalia. Mume wa mdogo wake alikuwa ameshawasha pikapu ya kukodi.

"Shemeji, tupakie?"

"Tupakie maiti?"

Alikaa hapo akiwatazama perege wakizunguka na matumbo yao mapya. Kisha akainuka, akapandisha gauni, akaingia tangini. Perege jike hulea mayai na vifaranga vyake mdomoni, na mdomo wenye watoto haupokei pumba. Akaanza kuwapapasa mmoja mmoja chini ya kidevu, taratibu, kama mkunga. Waliovimba kidevu akawatoa. Walikuwa wachache, lakini wote walikuwa na njaa.

"Hawa ndio mzigo?" shemeji akauliza.

"Mzabuni alipakia samaki, mimi napakia familia. Mama akishtuka anawatema watoto, kwa hiyo hatutii kwenye mifuko, tunatia kwenye tangi kubwa la plastiki, pampu ya hewa iunge kwenye betri yako. Na usiendeshe kama unavyoendeshaga."

"Niende mwendo gani?"

"Wa bwana harusi."

Wakaenda hivyo. Shemeji, ambaye hajawahi kuiona nyuma ya gari lingine akaridhika, aliumia waziwazi.

"Shemeji, tumepitwa na mkokoteni."

"Msalimie."

Njia ya vumbi ilipoanza, mbuzi akakatiza. Breki zikashikwa, maji yakaruka, na jike mmoja akatema watoto wote: wingu la vijichembe vyenye macho. Mwingine alijigonga ukutani, akageuka ubavu, akaisha.

"Zima gari," Shangazi akasema. "Na wewe zima mdomo."

Akalifunika tangi kwa gunia bichi. Wakakaa kwenye nyasi kando ya barabara, wakingoja samaki watulie. Alipofunua pembe ya gunia, vifaranga walikuwa wanasongamana kwenye mdomo wa mama yao, na mama ameufungua. Shemeji akavua kofia.

"Wanarudi?"

"Wewe ungebaki nje?"

Walipofika mwaloni jua lilikuwa linashuka, na nyavu zimeshapakiwa mitumbwini. Shangazi hakungoja kuulizwa. Akamtoa kwanza yule mfu, akamwinua watu wamwone, akang'ata karibu na mkia, akatafuna, akameza. Wavuvi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Tukuletee chumvi?"

"Leta na ndimu. Maneno acha huko huko."

Mwenyekiti hakucheka. "Kula umekula. Lakini uliahidi mzigo, na hapa naona kitoweo cha nyumba moja."

"Ingiza mkono."

Mwenyekiti akakunja mkono wa shati, akamkinga perege mmoja kiganjani bila kumtoa majini. Kidole gumba kikapita chini ya kidevu, kikasimama hapo. Alikuwa amewatoa wengi wa namna hiyo kwenye nyavu zake, watoto wakimwagika mtumbwini kama pumba. Akamwachia polepole, akawageukia wenzake.

"Toeni nyavu mitumbwini."

"Mwenyekiti, si ni wachache?"

"Njoo uwahesabu wewe. Mimi siwezi."

Shangazi akaingia ghubani na gauni lake mpaka kifuani, akawaachia mama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na onyo lake. "Usiniaibishe," aliwaambia. Hawakumwaibisha. Ghuba haijaguswa tangu siku ile, na perege wanaozaliwa humo hutoka wenyewe wakikua, wakavuliwa nje, kwenye maji ya wote.

Perege mmoja wa asili, wa kutosha watu wanne, pale mwaloni sasa hakosekani, na bei yake ni shilingi elfu tatu tu.